Andiko la Mto

Katika kanisa wanamosali watu wengi wa Kinanira, mtaa wa mlimani Bujumbura, wahubiri wageni huonywa kabla ya kupanda mimbarani. Huambiwa kwamba upande wa kina mama, karibu na mbele, ameketi mjane mmoja aliyefunga invutano yake, lile vazi la heshima la wanawake wa Burundi, vizuri begani, na kwamba ukitaja andiko, yeye atalifungua. Hafungui kwa ubishi, ndivyo alivyolelewa. Ukisema Isaya, yuko Isaya kabla hujameza mate. Ukikosea mstari hasemi kitu wala hakunji uso, ila huinua macho kutoka kitabuni akakutazama kwa upole, na wahubiri wanasema afadhali kukemewa. Vijana wa kwaya walimpa jina la Mama Sura-na-Mstari. Alilijua jina hilo na hakulichukia. Jina lake la haki ni Daphrose.

Alifundisha Kifaransa na Kirundi katika shule za sekondari za Bujumbura mpaka alipostaafu, na wapo mabwana wakubwa wa maofisini ambao mpaka leo wakimwona barabarani huficha sigara mgongoni. Mumewe, Valéry, alikuwa mtumishi wa serikali wa namna inayozidi kuwa adimu: aliingia ofisini na mikono safi, akatoka nayo safi. Tangu alipozikwa, na tangu Darius, kaka yake Daphrose, alipomfuata, ukoo ulimwegemea yeye. Mtu akitaka kuoa, kuuza kiwanja au kupatana na jirani, alipanda mlima wa Kinanira kwanza, akakaa barazani pale, mbele ya ziwa na milima ya Kongo iliyo upande wa pili. Asubuhi baada ya mvua milima hiyo husogea karibu hata ungedhani ukiita mtu ataitika.

Heshima ya ukoo ule haikuanza na Daphrose. Ilianza na baba yake, Mzee Herménégilde, mwinjilisti katika tambarare ya mto Rusizi enzi ambazo kanisa zima lilikuwa na Biblia moja, nayo ikisomwa kwa sauti ili wengine washike kwa kichwa. Alipopata ya kwake, aliwafundisha watoto kunawa mikono kabla ya kuifungua. Watu walimletea magomvi ya ng'ombe na ya mipaka ya mashamba, kwa sababu hakujibu kutoka kichwani mwake. Alifungua, akasoma, akafunga, na mwenye haki akaonekana. Watoto wake aliwaambia hivi: nikisema neno la Mungu, msiliamini kwa sababu mimi ni baba yenu, nendeni mkalisome.

Nao walisoma, maandiko yote isipokuwa moja. Hilo moja Mzee alikuwa akilitoa kila binti wa ukoo alipofikia umri wa kuposwa, akilisema taratibu, macho yameelekea mtoni: "Binti yako usimvushe mto; wa ng'ambo ya maji si wa kwako." Hakuna aliyewahi kuuliza liko wapi. Lilikuwa na mwendo wa Maandiko na uzito wa Maandiko, tena lilitoka katika kinywa kile. Mabinti wa nyumba ile hawakuvuka Rusizi kwenda kuolewa Kongo, wala waoaji kutoka Kongo hawakuvushwa kizingiti.

Daphrose mwenyewe alilitii. Alipokuwa akisomea ualimu alichumbiwa na mwalimu kijana wa Uvira, upande wa Kongo, mcheshi, aliyejua kupiga gitaa na kunyamaza inapobidi. Mzee alimwita, akamsemea andiko. Siku iliyofuata msichana alirudisha kitambaa alichopewa, hakutoa hata chozi, akamwambia yule kijana kwamba Mungu amekwisha sema. Baadaye akaja Valéry. Alikuwa mume mwema, na katika nyumba ile hakuna atakayesema vinginevyo.

Basi ilikuwa Jumapili, baada ya chakula cha mchana, Orlane alipokuja barazani na kuketi chini badala ya kitini, na Daphrose akajua kuna jambo. Orlane ni binti wa Darius. Mama yake alikufa mapema, baba naye akafuata, na shangazi akamlea kama aliyemzaa. Alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima, anafanya kazi maabara katika zahanati moja ya mjini, mpole wa maneno lakini si mpole wa nia. Alisema kuna mtu anataka kuleta wazee. Anaitwa Mirindi. Ndiye aliyefunga mitambo ya sola ya kanisa, na umeme unapokatika katikati ya ibada watu wote humwombea baraka bila kumjua.

Daphrose alimjua. Alijua pia lile jina linatoka wapi. Familia ya Mirindi ilitoka Bukavu, Kongo, ikakimbia vita, ikavuka mpaka na mabegi kichwani, na sasa inakaa Carama, ikilima bustani ya mboga pembezoni mwa mtaa. Alisema hana neno baya juu ya kijana. Kisha akalisema andiko, taratibu, kama lilivyosemwa na baba yake.

Orlane alikuwa amelisikia tangu utotoni. Hakubishana. Alitazama viganja vyake, akasema, "Shangazi, ikiwa imeandikwa, namwacha. Sitataka nyumba ambayo Mungu ameikataa. Nionyeshe tu mahali, nisome kwa macho yangu, moyo utulie."

"Nitakuonyesha," Daphrose akasema.

Wala hakusema kwa kiburi. Alijua tu kwamba jambo hilo ni la kufungua kitabu.

Kesho yake baada ya sala ya alfajiri alinawa mikono, akavaa miwani, akaanza na Mwanzo. Alikuwa na hakika litakuwa pale Abrahamu anapomtafutia mwanawe mke. Alisoma sura yote. Alikuta Abrahamu akimwapisha mtumishi wake kwamba hatamtwalia Isaka mke katika binti za Wakanaani, lakini Wakanaani walikuwa ndio majirani. Mke alitakiwa atoke mbali, kwa watu wa Abrahamu walioachwa ng'ambo ya mto. Alisoma mara ya pili, akifuata kwa kidole, kama mtu anayetafuta ufunguo mfuko ule ule. Akaenda Kumbukumbu la Torati. Akaenda Mithali, kwa sababu lile neno lilikuwa na sauti ya Mithali. Akaenda Ezra na Nehemia, ambako wake wa kigeni wamesemwa kwa ukali. Alikuta ukali dhidi ya miungu mingine, hakukuta mto. Marehemu Valéry alikuwa na kitabu kinene kinachopanga maneno ya Biblia kwa herufi. Alitafuta mto, akatafuta binti, akatafuta ng'ambo. Aliyemkuta ng'ambo ya mto alikuwa Abrahamu mwenyewe, na baba zake, kabla Mungu hajawavusha.

Hakuacha. Asubuhi baada ya asubuhi alikaa barazani na kile kitabu, chai ikipoa, milima ya Kongo ikimtazama. Alimpigia simu Jovithe, mtoto wa baba yake mdogo, ambaye ndiye msemaji wa ukoo katika sherehe, mtu mwenye tumbo la heshima na ulimi usiolala. Alimuuliza kama mtu anayeuliza tu, andiko la Mzee la mto liko katika kitabu gani. Jovithe alicheka sana. Alisema liko Mithali, kisha akasema hapana, Torati, kisha akasema, "Dada, ukilitafuta wewe ukalikosa, sisi wengine si tutakosa hata jalada?" Daphrose naye akacheka kidogo, akaaga. Hakumwambia.

Orlane aliuliza mara moja tu kama limepatikana. Daphrose akajibu kwamba analiandaa. Jibu hilo lilimsumbua siku nzima, kwa sababu halikuwa uongo wala halikuwa kweli, na yeye alikuwa amewafelisha wanafunzi wengi kwa majibu ya namna hiyo.

Kilichomnyima amani si harusi. Alikuwa akiwaza jiwe la kaburi la baba yake, lenye maneno *Mtumishi wa Neno* waliyoyachonga kwa makubaliano ya kanisa zima. Ikisemwa kwamba Mzee Herménégilde aliongeza neno lake juu ya Neno la Mungu, nani atakayelisoma jiwe lile bila kutabasamu pembeni? Kuna watu Bujumbura hii wangefurahi. Jina jema hujengwa kwa miaka na hubomolewa kwa kikao kimoja cha chai. Tena, akajiambia, baba hakuwa mwongo. Katika maisha yake yote hakumsikia akidanganya hata mtoto.

Ndipo, akiwa ameishika sura ile ile ya Abrahamu kwa mara nyingine, alipomkumbuka shangazi yake mwenyewe, Amélie. Wakati huo Daphrose alikuwa mdogo sana. Alikumbuka mwanamke mwenye kicheko kirefu, akiolewa ng'ambo ya Rusizi, kisha vurugu za vita huko, kisha watu wakirudi kutoka kumtafuta na kutikisa kichwa. Alikumbuka baba yake akisimama ukingoni mwa mto, na jioni ile, mbele ya watu waliokaa kimya, akisema maneno juu ya binti na mto. Maneno ya mtu aliyefiwa hayaulizwi ushahidi. Huenda hata yeye hakujua yalikotoka. Alikuwa ameshika sehemu nyingi za Mwanzo kwa kusikia tu, kabla hajawa na kitabu. Abrahamu, kiapo, binti, mto, vyote vilikuwa kichwani mwake, na dada yake yuko ng'ambo hajulikani alipo. Huzuni ya Mzee ilikuwa imevaa mavazi ya Andiko, ikaingia nyumbani, na wote wakaiamkia.

Daphrose alifunga Biblia. Akafikiri juu ya kitambaa alichorudisha zamani, na kijana aliyeondoka bila kubisha, kwa sababu naye alikuwa mtu wa kanisa. Alikaa hapo mpaka jua likafika miguuni mwake. Hakumlaumu baba yake. Lakini hakuweza kunywa ile chai.

Wakati huo siku ya kuwapokea wazee wa kijana ilikuwa imekwisha kupangwa. Ukoo wa heshima haufukuzi wageni kwa simu. Huwaacha waje, wakae, wanywe, na jibu litoke katika kinywa cha msemaji. Wazee wa Mirindi wangekuja Jumamosi kushika kizingiti, yaani ile hatua ya kwanza kabla ya mahari, ambapo wageni hubisha hodi kwa mafumbo na wenyeji huwazungusha. Jovithe angejibu. Daphrose alijiambia atazungumza naye kabla. Ijumaa alimpigia, simu ikawa inatumika. Jumamosi asubuhi Jovithe alifika kachelewa, amevaa suti yake ya kijivu, wanawake wakiuliza vikombe viko wapi, na maneno hayakupata nafasi. Au Daphrose hakuyatafutia nafasi. Mtu huweza kujificha hata nyuma ya vikombe.

Wageni walifika alasiri na makreti ya Fanta, maana pande zote mbili hazinywi pombe. Viti vilipangwa uani, safu mbili zinazotazamana. Msemaji wao alikuwa baba mkubwa wa Mirindi, Mzee Namegabe, aliyekuwa mkuu wa shule ya msingi Bukavu, mrefu, mwembamba, koti lake limefuliwa mara nyingi na kupigwa pasi mara nyingi zaidi. Alisema walikuwa wanajipitia tu barabarani na kiu imewashika, wakaona nyumba yenye kivuli.

Jovithe akamwambia kiu ya mtu aliyekuja na makreti yake mwenyewe inashangaza.

Namegabe akasema ndivyo wao walivyo, hawasumbui watu. Lakini wamesikia humu ndani mna ua limechanua, nao wana mtu wa kulimwagilia. Jovithe akasema wamekosea nyumba, maua yanauzwa mjini. Hapo vicheko vikaanza, wakarushiana. "Nyinyi Warundi," Namegabe alisema, "mutu anawauliza saa, munamuuliza anaitaka ya nini."

"Na nyinyi mkiulizwa saa mnaanza wimbo," Jovithe akajibu, na hata kina mama walioketi nyuma wakaziba midomo kwa vitenge.

Daphrose alikuwa miongoni mwao, karibu na mlango. Katika sherehe kama ile mwanamke hasemi, awe nguzo ya ukoo au asiwe. Msemaji ndiye kinywa cha nyumba. Mirindi alikaa nyuma ya baba yake mkubwa, mikono magotini, kama mtu aliyengoja umeme urudi. Orlane alikuwa ndani, nyuma ya pazia, kwa kuwa binti hatoki mpaka aitwe.

Kisha Jovithe alishusha sauti. Alisema wageni wamependeza, na mchezo umekuwa mzuri, na yeye binafsi angependa mkwe mwenye kufunga sola, kwa maana kwake Kibenga kuna giza. Lakini nyumba hii haijengwi juu ya kupenda kwa watu. Ina mwanzilishi, ambaye alikuwa mtumishi wa Neno, na Neno lenyewe ndilo lililowafunga. Akasimama wima, akafumba macho, akalisema: "Binti yako usimvushe mto, wa ng'ambo ya maji si wa kwako."

Wazee wa ukoo wakaitikia amina.

Hapo lilitokea jambo ambalo Daphrose hakulitegemea. Alitegemea wageni wabishe, wacheke, walaumu ukabila, waondoke na hasira, na hasira yao ingempa yeye sababu ya kunyamaza. Mzee Namegabe hakubisha. Alivua kofia. Aliishika kifuani, akawageukia watu wake.

"Kama ingekuwa maneno ya watu," akasema, "mi ningekaa hapa mupaka kesho, tubishane. Lakini Mungu akisema, mi nani? Tulipoacha kila kitu Bukavu, hicho Kitabu ndicho hatukuacha. Hatuwezi kukishika siku ya shida tukakitupa siku ya harusi." Akaweka mkono begani mwa Mirindi. "Simama, mutoto wangu. Fanta tuwaachie wenyewe. Haifai mutu ahuzunike na kiu."

Mirindi akasimama. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, lakini akasimama, akawainamia wenyeji kwa heshima.

Daphrose akageuka. Pazia lilikuwa limefunguka kidogo, na Orlane alionekana, amevaa, amesukwa, ameinamisha kichwa kama anavyoinama kanisani wakati wa kuungama. Hakulia. Alikuwa akivua taratibu ile bangili ya shanga aliyopewa na Mirindi, akiizungusha ipite kwenye kifundo cha mkono, ili airudishe. Alikuwa anatii. Wote pale uani walikuwa wanatii, wenyeji na wageni, vichwa vimeinama mbele ya neno ambalo halikuandikwa popote, na mtu mmoja tu ndiye aliyejua. Angenyamaza kidogo tu, basi: jiwe la kaburi lingebaki safi, ukoo ungebaki na sheria yake, wageni wangeondoka na amani na hata wangelisifu jina la Mzee njia nzima mpaka Carama.

"Kaeni," Daphrose akasema.

Ilikuwa sauti ya darasani, na watu wazima walikaa kabla ya kukumbuka kwamba mwanamke ndiye aliyesema. Alitoka katika safu ya kina mama, akasimama katikati ya uwanja, kati ya pande mbili. Jovithe alimfuata kwa macho, mdomo wazi.

"Msemaji wetu amesema vizuri," alisema. "Amesema kama alivyofundishwa, na kama sisi sote tulivyofundishwa. Lakini neno hilo halimo katika Biblia. Nimelitafuta. Halimo."

Mzee mmoja wa ukoo alikohoa. Jovithe alimsogelea, akamnong'oneza, lakini ukimya ulikuwa mkubwa kiasi kwamba wote walisikia: "Dada, huyo ni baba yako."

"Ndiye," Daphrose akasema. "Baba yangu alinifundisha kunawa mikono kabla ya kukifungua Kitabu. Hakunifundisha kukiongezea. Mngelimuuliza siku ile liko wapi, angefungua Kitabu, asilikute, aliache, kwa sababu alikuwa mtu wa namna hiyo. Hakuna aliyemuuliza. Alikuwa amempoteza dada yake ng'ambo ya Rusizi, na tukaona afadhali kuitikia amina."

Akawaeleza juu ya Amélie, kwa maneno machache, bila kupamba. Wazee wawili waliokuwa wakubwa kuliko yeye walianza kutikisa kichwa kwa kukubali, polepole, kama watu wanaokumbuka sura ya mtu. Akaagiza Biblia iletwe. Ililetwa ile ya Mzee, ya Kirundi, jalada limeshonwa kwa uzi. Kabla ya kuipokea alikwenda kwenye bomba la uani akanawa mikono mbele ya watu wote, akajifuta kwa kitenge, na kina mama wengine machozi yaliwatoka hapo, kabla hata ya neno moja kusomwa.

Alisoma ile sura ya Abrahamu na mtumishi wake. Aliisoma yote, na ni ndefu, na hakuna aliyechoka. Watu waliisikia kama habari ya pale pale: mgeni anafika na zawadi, ana kiu, anaomba maji, wenyeji wanamkaribisha, naye anakataa kula kabla hajasema shauri lake. Mzee Namegabe alitabasamu peke yake, kwa kuwa alijiona. Daphrose alipofika mahali ambapo ndugu wa Rebeka wanashindwa kuamua, wakasema wamwite msichana wamuulize mwenyewe, alisimama kusoma. Akaweka kidole kwenye mstari.

"Orlane," akaita. "Njoo usome. Nilikuahidi nitakuonyesha mahali."

Orlane alitoka. Bangili ilikuwa bado imekwama kwenye kifundo cha mkono. Aliinama juu ya kitabu, akasoma kwa sauti ndogo swali lile wanaloulizwa mabinti tangu Rebeka, kama atakwenda na mtu huyu. Kisha akanyamaza, maana jibu lililofuata lilikuwa limeandikwa pia, na kulisoma kulikuwa ni kulisema. Alimtazama shangazi yake.

"Usisome kwa sababu imeandikwa tu," Daphrose akamwambia kwa sauti ya chini. "Sema kama ni kweli."

"Nitakwenda," Orlane akasema, wala hakuwa anatazama kitabu.

Kilichofuata ni kelele za furaha ambazo hazihitaji kuelezwa kwa mtu aliyewahi kuhudhuria sherehe Bujumbura. Vigelegele vilianza kwa kina mama wa Carama na kuitikiwa na wa Kinanira. Jovithe alijipangusa jasho, akasimama tena, akawa msemaji tena. Alisema kwamba sasa kwa kuwa mto umeondolewa njiani, wageni wasidhani ng'ombe nao wameondolewa, hilo watalizungumza siku yake, tena kwa kirefu. Namegabe akajibu kwamba ng'ombe wao ni wa Kikongo, wanakuja wakicheza. Chupa zikafunguliwa.

Baadaye, watu wakiwa wametawanyika katika mafungu ya mazungumzo, Mzee Namegabe alikuja kuketi barazani karibu na Daphrose. Alimwambia hajawahi kuona nyumba ikiheshimu Kitabu kiasi hicho, na kwamba angerudi kwao na habari ya Mzee Herménégilde kama mtu aliyewalea watoto wanaoweza kukifungua wenyewe. Daphrose alikuwa amejiandaa kwa kicheko cha pembeni, hakuwa amejiandaa kwa hilo. Kisha mzee akauliza jina kamili la yule shangazi aliyepotea, na kijiji alikoolewa, kama kinajulikana. Alisema makanisa ya upande ule yana wazee wenye kumbukumbu ndefu, na yeye anawajua wachungaji kadhaa. Huenda mama mwenyewe hayupo tena, lakini watu huacha watoto, na watoto huacha wajukuu.

"Tutauliza, Mama," akasema. "Mutu hapotei kabisa."

Daphrose alimtajia jina. Mpaka siku ile lilikuwa halijatamkwa kwa sauti barazani pale tangu nyumba ilipojengwa. Upande wa pili wa ziwa jua lilikuwa linashuka juu ya milima, na safari hii alipoitazama hakuona ukuta.

Wageni walipokwisha ondoka, Jovithe alibaki akisaidia kupanga makreti matupu, kazi ambayo hajawahi kuifanya maishani. Alizunguka zunguka, akasogea, akauliza kama mtu asiyeuliza: kuna binti wa binamu yao atakayeletewa wageni karibuni, na yeye kama msemaji ana maandiko mawili matatu anayopenda kuyatumia, je, amletee Dada ayaone kwanza?

Daphrose alikuwa anaifunika Biblia ya baba yake kwa kitambaa chake. Aliifunua tena, akaiweka mezani mbele ya Jovithe.

"Usiniletee mimi," akasema. "Nawa mikono, ufungue."

Jovithe akatazama viganja vyake, vilivyonata soda, akaelekea bombani.